Kujenga gari ndogo nyepesi ya spoti kutoka kwenye kirikuu (Suzuki Carry), hapa hapa Mtwara: mwongozo kamili

Mwaka huu peke yake wameshanijia vijana wanne gereji na fremu ambazo haziwezi kuwa gari. Wa kwanza katoka Masasi na chesi ya paipu ya 40 kwa 40 unene milimita 3, tuliishusha kwenye fuso watu watano na tukapumzika katikati. Wa pili wa Lindi mjini, alimaliza kila kitu, akawasha, akakata usukani kulia, tairi zikaenda kushoto. Wa tatu fremu yake imejikunja kama kanga inayokamuliwa. Wa nne alianza na bodi, faiba safi kabisa imepigwa msasa inang'aa, afu injini haiingii.

Na wote wana mkono mzuri wa kuchomelea, hilo ndo linaloniuma. Walikosea mpangilio tu. Gari inaanzia kwenye tairi na springi, inafuata injini, inafuata mtu anayekaa, ndo chuma kinazungushwa kuviunganisha hivyo vitu, bodi inakuja mwisho kabisa. Ukifuata hivyo na ukakubali kutumia chuma chembamba, inawezekana kwa vifaa vya gereji ya kawaida.

Kwanini kirikuu? Kwasababu Suzuki Carry ina injini ya sentimita za ujazo 660 (cc 660), gia boksi ya mkono, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) na difu (boksi la gia katikati ya ekseli) nyuma, vyote vidogo na vyepesi, na spea zipo kila mahali. Kwa anayeona injini hiyo ni ya kubebea mchanga tu, Caterham wa Uingereza walitoa Seven 160 mwaka 2013 kwa injini ya Suzuki 660 yenye tabo (feni inayosukumia injini hewa zaidi) pamoja na ekseli ya Suzuki nyuma, gari ya kilo 490 hivi na farasi 80. Yako haitakuwa na tabo, itakuwa na farasi 50 hivi, ila farasi 50 kwenye kilo 480 ni kitu kingine kabisa na farasi 50 kwenye kilo 700 za kirikuu bado hujapakia mzigo.

## Kabla ya kununua hata kipande kimoja

Nenda kwa trafiki wakaguzi wa magari na nenda TRA (Mamlaka ya Mapato), waambie unataka kujenga gari yako, uliza watataka kuona nini na uandike. Fanya hivyo mwanzo maana wakisema wanataka kitu fulani kwenye taa au mikanda ni rahisi kukiweka kwenye mchoro kuliko kwenye gari iliyopakwa rangi.

Na usithubutu kukata namba ya chesi ya kirikuu ukaichomelea kwenye fremu yako. Kadi ya kirikuu ni ya kirikuu. Bila usajili na ukaguzi gari inabaki kwenye eneo la watu binafsi, haigusi barabara ya Mikindani.

## Vifaa na malighafi

Kirikuu moja nzima inayowaka. Iliyogongwa kichwa inafaa na ndo bei inashuka, ila ekseli ya nyuma na mikono ya mbele (vyuma vinavyoshika tairi) iwe haijapinda. Tafuta yenye injini ya K6A maana bloku yake ni alumini na ina cheni, F6A ni bloku ya chuma na ina mkanda, inafanya kazi lakini ni nzito. Zile zilizobeba samaki Feri miaka kumi usiguse, ingiza bisibisi chini ya sakafu uone.

Skwea paipu 25 kwa 25 unene milimita 1.5, mapande 10 ya mita 6. Nenda na venia (kipimo cha unene) dukani upime mwenyewe, mi nimeshauziwa "moja na nusu" iliyosoma 1.1. Nyeusi, sio ya zinki, ukiichomelea ya zinki moshi wake unaumiza mapafu.

Pleti ya milimita 3 kwa ajili ya vishikio vyote vya springi, mikono na mikanda.

Bomba la upinde wa kulinda kichwa: lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 unene 2.5. Bomba la maji la GI halifai.

Bati la alumini la milimita 1.2, ribiti za milimita 4, bolti za 8.8 (namba ya ugumu iliyopigwa kichwani) na nati za nailoni.

Mashine ya kuchomelea, bora ya waya wa 0.8. Kama una ya fimbo tu, tafuta fimbo za milimita 2.0, za 2.5 zitakutoboa kila dakika kwenye chuma cha moja na nusu.

Grenda, drili, klampu zisizopungua nane, mpira wa maji unaoonesha ndani ule wa mafundi ujenzi wa kupimia usawa, tepu, skwea ya chuma. Stendi nne za kuwekea gari (mawe na matofali hapana). Mtungi wa kuzimia moto unaofanya kazi.

Muda: jioni na wikendi inakula karibu mwaka. Wengi hapa wananunua msimu wa korosho hela ikitoka, ni sawa, ila nunua kirikuu kwanza, paipu baadaye. Chuma kikikaa hapa Shangani miezi sita bila rangi upepo wa bahari unakijaza kutu na unaanza kula unene wako.

## Hatua ya 1: Endesha kirikuu wiki nzima

Usiifungue siku ya kwanza. Iendeshe, sikiliza gia zote, angalia kama inachemka, pima kompresheni (presha ndani ya silinda). Tatizo utakaloliona sasa ni la kirikuu, ukiliona baada ya miezi kumi hutajua kama ni la injini au la wayaringi yako.

Afu piga picha kila kona, na kila plagi ya waya uifunge karatasi ya gundi yenye maandishi. Wayaringi inatoka nzima pamoja na kontrolo boksi (kompyuta ya injini), swichi na ufunguo, hakuna kukata waya hata mmoja.

Umefanikiwa kama unajua gari ina ugonjwa gani na una picha zaidi ya mia mbili.

## Hatua ya 2: Funga kiunzi cha mbele kabla ya kukata bodi

Hapa ndo wengi wanapotea, na hapa ndo nitakaa sana.

Mbele ya kirikuu kuna krosmemba (boriti ya chuma inayokatisha chini kushoto hadi kulia), mikono ya chini, raki ya stelingi (chuma chenye meno kinachosukuma tairi ukikata usukani), na shokapu mbili zilizosimama zinashikwa juu na bati la bodi. Ukikata bodi, sehemu ya juu ya shokapu inapotea na hutaijua tena. Na shokapu hazijasimama wima, zimelala kidogo kwa ndani na kidogo kwa nyuma, huo mlalo ndo unaorudisha usukani katikati ukiuachia.

Fanya hivi. Gari iko kwenye stendi, sawa kwa pimamaji. Chukua engo (chuma cha pembe) ya 40, itoboe matundu yanayolingana na bolti za juu za shokapu, ifunge kushoto hadi kulia. Kisha toa miguu minne kutoka kwenye hiyo engo ishuke hadi kwenye bolti za krosmemba, ichomelee, weka na mishazari miwili ili isitikisike. Sasa una kiunzi kinachokumbuka kila pembe. Fungua bolti za bodi, kata, na kiunzi kinatoka kikiwa kimeshika krosmemba, mikono, raki na shokapu kama mtoto alivyobebwa mgongoni.

Onyo la raki: iache palepale ilipokuwa, kimo kilekile, umbali uleule, upande uleule. Raki ikiwa nyuma ya ekseli ukaihamishia mbele, ukageuza na mikono ya tairi inayoshika tairodi (fimbo za kutoka raki hadi tairi) ielekee mbele, au ukaigeuza juu chini ili ipishane na injini, usukani unakuwa kinyume, ndo yaliyomkuta yule kijana wa Lindi. Na ukiipandisha hata sentimita mbili, tairodi na mkono wa chini zinakuwa haziendi pamoja, kila ukigonga shimo tairi inajikata yenyewe pembeni. Utadhani ni upepo kumbe ni raki.

Umefanikiwa kama ukikinyanyua kiunzi na kukirudisha, bolti zote zinaingia kwa mkono bila nyundo.

## Hatua ya 3: Tengeneza meza

Fremu inajengwa juu ya kitu kilichonyooka, basi. Sakafu ya gereji haijanyooka hata kama inaonekana imenyooka, ile ya kwangu ilikuwa na tofauti ya milimita 19 kutoka mlangoni hadi ukutani.

Weka mbao nene mbili ndefu za mita 3.2, juu yake plaiwudi ya milimita 18, mbili zimeungana. Kimo chake chukua kwa mpira wa maji kwenye pembe zote na katikati, weka vipande vya bati chini mpaka tofauti isizidi milimita 1. Mpira ule unashinda pimamaji fupi kwa mbali kwenye umbali wa mita tatu, mafundi ujenzi wanalijua hilo miaka yote.

Piga mstari wa katikati kwa uzi wenye chaki. Huo mstari ndo gari yako. Kila kitu kinapimwa kutoka hapo kwenda kushoto na kulia, hakuna kupima kutoka paipu moja hadi nyingine maana makosa yanajumlishana.

## Hatua ya 4: Panga vitu, usichomelee

Weka kiunzi cha mbele juu ya meza, weka ekseli ya nyuma kwenye vibao. Kutoka kitovu cha tairi ya mbele hadi ya nyuma acha mita 2.2 hadi 2.25. Pima mishazari, kitovu cha mbele kushoto hadi nyuma kulia, na kinyume chake. Zilingane, tofauti isizidi milimita 2.

Injini weka kwenye vibao nyuma ya mstari wa tairi za mbele, sio juu yake wala mbele yake. Mlalo wa injini uwe uleule iliokuwa nao kwenye kirikuu, ukiibadilisha oili inakimbilia upande na pampu inavuta hewa.

Halafu kaa wewe. Kaa chini kabisa juu ya ubao, mgongo umelala kidogo, miguu imenyooka mbele, mwenzio apime nyayo zilipofikia, magoti, mabega, juu ya kichwa. Vaa viatu. Kama una kilo 90 usimpime mdogo wako wa kilo 55.

Upana wa fremu kwenye viti karibu mita 1.05 unatosha watu wawili na handaki la propela katikati.

Umefanikiwa kama umekaa, unafika pedeli, mkono unafika gia, na injini haigusi goti. Piga picha, acha mpaka kesho, rudi uangalie tena. Hii siku moja ya kusubiri imeniokoa mara nyingi.

## Hatua ya 5: Fremu

Hesabu ya uzito kwanza ili uamini. Paipu ya 25 kwa 25 ya moja na nusu ina kilo 1.1 kila mita. Ya 40 kwa 40 ya tatu ina karibu kilo 3.5. Fremu inakula mita 55 hivi. Ya kwanza inatoka kilo 60, ya pili kilo 190. Hizo kilo 130 ni watu wawili unaowabeba kila siku bure, na bado haijakuwa ngumu kama unavyodhani, kwasababu ugumu wa fremu unatoka kwenye pembetatu, unene hauchangii sana. Chukua mraba wa fimbo nne ukausukume kona, unalala. Weka fimbo ya mshazari, haulali tena hata ukiwa wa fito.

Kwahiyo: kata reli mbili za chini, mbili za juu umbali wa sentimita 28 hadi 30, nguzo zinazosimama, na kila mraba unaobaki uupe mshazari. Palipo na injini huwezi kuziba juu, basi ziba pembeni na chini. Mshazari uishie kwenye kona ambapo paipu nyingine zinakutana, ukiishia katikati ya paipu unaikunja hiyo paipu.

Kona zikatwe zikae bila mwanya. Mwanya wa milimita 3 unaojazwa na chuma cha moto ndo unaovuta fremu.

Kisha kushikiza kwa doti kila kitu kabla ya kujaza kona hata moja. Doti mbili kila kona, fremu yote. Pima mishazari. Weka injini ndani, toa. Kaa ndani, toka. Hapo kuhamisha paipu ni grenda dakika mbili.

Unapojaza, usimalize upande mmoja. Mi fremu yangu ya kwanza nilijaza kushoto yote jioni moja maana kulikuwa na umeme mzuri, asubuhi ilikuwa imenyanyuka milimita 14 kona moja, wiki mbili nimekata na kurudia. Chuma kikipoa kinajivuta. Kwahiyo sentimita 2 mbele kushoto, sentimita 2 nyuma kulia, sentimita 2 katikati, unazunguka, fremu imefungwa klampu mezani, na usifungue mpaka ipoe kabisa. Mashine ya fimbo anzia ampea 45 hadi 60, jaribu kwenye mabaki kwanza, kipande ulichojaribu kipige nyundo mpaka kivunjike uone kama kimevunjika paipu au kimevunjika pale ulipochomelea. Kikivunjika ulipochomelea hujawa tayari kujenga gari, endelea na mabaki.

Upinde wa kulinda kichwa upindwe kwa mashine ya kukunjia, usikatwe na kuchomelewa kona. Upite kichwa chako kwa sentimita 5, uwe na miguu miwili inayorudi nyuma, na kila mguu ukanyage pleti ya milimita 3.

Jaribio la kujikunja. Funga nyuma ya fremu mezani kwa klampu. Mbele iegemee kwenye kipande cha nondo katikati kabisa. Funga bomba nene la mita mbili kukatisha mbele, ili mita moja itoke kila upande kutoka katikati. Tundika mfuko wa saruji wa kilo 50 mwisho wa upande mmoja. Ncha ya bomba ikishuka chini ya milimita 8 fremu iko vizuri. Ikishuka 15, kuna mraba umeusahau, utafute, mara nyingi ni wa kwenye injini au mbele ya miguu.

## Hatua ya 6: Nyuma, mikono minne

Springi za majani za kirikuu zimetengenezwa kubeba mzigo, kwenye gari ya kilo 480 zitakurusha kama mbuzi. Na ukipunguza majani likabaki moja, ekseli inajikunja ukiondoka kwa nguvu. Toa zote.

Weka mikono minne ya kushika ekseli mbele na nyuma, miwili chini miwili juu, urefu sawa na sambamba, ili pua ya difu isibadilike pembe ikipanda na kushuka. Bomba la duara milimita 25 unene 3, bushi za mpira kutoka kwenye mikono ya gari ndogo za skrepa. Ongeza fimbo moja ya mlalo, upande mmoja kwenye ekseli upande wa pili kwenye fremu, ndefu uwezavyo, ya kuzuia ekseli isitembee kushoto na kulia. Wapo wanaoiacha hiyo. Gari yao inayumba nyuma kama mkia wa samaki.

## Hatua ya 7: Kuchagua springi kwa saruji

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, na watu wanaamua kwa kubonyeza springi na mguu.

Gari ya kilo 480 na watu wawili ni kilo 620. Ukitoa uzito wa tairi na ekseli ambao springi haiubebi, kila springi ya nyuma inabeba karibu kilo 130, ya mbele karibu 110. Unachotaka ni springi ambayo ikibebeshwa huo uzito inashuka sentimita 7 hadi 8. Ikishuka 3 ni ngumu mno, ikishuka 12 itagonga chini kila tuta.

Nenda kwenye skrepa chukua springi za koili za aina tofauti, nyuma za Vitz, za Starlet, za bajaji. Simamisha springi sakafuni, pitisha bomba katikati yake ili isiruke pembeni, juu weka ubao wenye tundu. Pima kimo. Pandisha mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 na ndoo ya mchanga ya kilo 30 kwa nyuma, kilo 10 kwa mbele. Pima tena. Kaa pembeni usisimame juu yake, na mguu usiwe karibu.

Mimi na dogo mmoja tulipima springi kumi na moja Jumapili moja. Tuliyoipenda kwa macho ilishuka sentimita mbili na nusu tu. Iliyofaa tuliikuta imetupwa kwenye pipa, ina kutu juu, tuliisugua ikashuka 7.4.

Na usikate springi kuishusha. Ukikata mzunguko inakuwa ngumu zaidi. Kuichoma moto ndo usifanye kabisa, inakufa na siku moja inakatika.

Chini ya fremu acha sentimita 15 watu wawili wakiwa ndani. Picha za Ulaya zinaonesha gari inagusa lami, sisi tuna mchanga wa Msimbati na makorongo ya kupandia Newala.

## Hatua ya 8: Injini, propela, gia

Chomelea vishikio vya injini ukitumia raba zake zilezile. Propela itahitaji kurefushwa au kufupishwa, peleka karakana yenye lezi (mashine ya kuchonga chuma), sio kwenye grenda. Masharti mawili: vichwa viwili vya krosi (viungo vinavyopinda kwenye ncha za propela) vikae mstari mmoja, na pembe ya gia boksi ilingane na pembe ya pua ya difu. Likikosekana moja, gari inatetemeka kuanzia spidi ya 60 na krosi zinakufa mwezi mmoja. Zungushia propela vyuma viwili vya duara ndani ya handaki, ikikatika isije kwenye kiuno chako.

Difu ya kirikuu ni fupi, ya mizigo. Tairi za 175/70R13 badala ya 145R12 zinairefusha kama asilimia 6, ukipata rimu zenye matundu yanayolingana.

Rejeta ikiwa chini kuliko injini, weka kikombe cha maji juu kuliko vyote, la sivyo hewa inabaki kichwani na injini inachemka huku kipimo kinasema poa.

## Hatua ya 9: Usukani na breki

Shafti ya usukani ya kirikuu imesimama, yako italala, kwahiyo unahitaji shafti ndefu na viungo viwili vya krosi kutoka gari nyingine. Kila kiungo kisipinde zaidi ya digrii 30. Usiunge shafti kwa kuchomelea ncha kwa ncha. Tafuta zenye meno yanayoingiliana. Kwenye hili sina mjadala na mtu.

Breki chukua seti nzima, pedeli, masta silinda, diski za mbele, ngoma za nyuma. Paipu za chuma mpya, mipira mipya. Kanyaga kwa nguvu zote ushikilie dakika nzima, pedeli isizame hata kidogo. Gari imekuwa nyepesi kwahiyo nyuma inaweza kushika kabla ya mbele na ikakugeuza, utaliona kwenye majaribio, dawa ni valvu ya kupunguza breki za nyuma.

## Hatua ya 10: Mafuta na wayaringi

Tanki la kirikuu lilelile, nyuma ya viti, lizungukwe na fremu, hewa itoke nje ya gari. Mpira wa presha wa mafuta uwe wa presha kweli. Usichomelee chochote karibu na tanki lililowahi kuwa na petroli, hata likiwa tupu, tupu ndo baya zaidi.

Wayaringi rudisha ilivyotoka. Kosa linalojirudia ni waya wa neg (hasi ya betri): fremu imepakwa rangi, injini iko juu ya raba, mtu anasema kontrolo boksi imekufa. Kwangua rangi sehemu tatu, funga waya mnene injini hadi fremu, fremu hadi betri. Na ukichomelea chochote baada ya hapo, betri na kontrolo boksi ziwe zimechomolewa.

## Hatua ya 11: Bati, rangi, bodi

Kwangua na paka praima siku hiyohiyo. Ukikwangua saa nne asubuhi ukaacha, kesho fremu ina rangi ya chungwa.

Bati la alumini likigusa chuma kitupu kwenye hewa ya chumvi linaliwa, linakuwa unga mweupe kuzunguka ribiti. Paka rangi kwanza, weka silanti katikati, ndo ribiti, kila sentimita 5. Sakafu na handaki zikipigwa ribiti hivyo fremu inaongezeka ugumu, rudia jaribio la saruji utaona.

Boneti na fenda za faiba wape mafundi boti, wanaijua kuliko sisi.

## Hatua ya 12: Mizani na majaribio

Nje ya msimu wa korosho omba mizani ya ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ile ya kupimia magunia. Weka tairi moja juu ya mizani, tatu juu ya vibao vya kimo sawa na mizani, dereva ndani. Rudia tairi zote nne. Kushoto na kulia zisipishane sana, na nyuma ibebe kama nusu au zaidi kidogo. Jumla ukishatoa uzito wa dereva ikiwa 480 hadi 520 umefanya kazi nzuri sana.

Majaribio kwenye eneo la wazi lenye ruhusa ya mwenyewe, helmeti, mikanda, mtu mwenye mtungi wa moto. Spidi 10, kata kulia, kata kushoto. Spidi 20, kanyaga breki ghafla, mwenzio aangalie tairi zipi zimeshika kwanza, zinatakiwa za mbele. Spidi 40 achia usukani sekunde moja, gari iende moja kwa moja. Ndo uongeze, kidogo kidogo, siku tofauti.

Baada ya kilomita 10 kaza bolti zote. Baada ya 100 tena, na safari hii lala chini na tochi upite kila kishikio cha springi na kila mkono wa ekseli. Tafuta mstari mwembamba kwenye rangi, mwembamba kama unywele. Ukiuona kwangua rangi pale, ukikuta chuma nacho kimepasuka kata kishikio chote utengeneze kingine kwa pleti kubwa zaidi, kupitisha tu moto juu ya ufa hakusaidii.